Jina la Tatu

Kompyuta ilipanda mlima kwa pikapu ya maziwa, imevingirishwa blanketi la kijivu, na mimi nilipanda nayo. Madumu matupu yalikuwa nyuma yakigongana. Mimi nilikaa mbele nimepakata kile kioo chake mapajani, kutoka Mombo hadi Lushoto, na kila kona dereva aliniambia, "Shika vizuri wewe. Ikianguka hiyo, umeanguka na wewe." Alikuwa anatania, lakini alisema kweli tupu.

Zilikuwa zama za soko huria. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine, na waliokuwa wakifanya kazi humo walirudishwa majumbani na barua na kijiko cha maneno matamu. Baba yangu alikuwa kwenye kiwanda cha mbao cha serikali. Kilipopata mwenyewe mpya, yeye akapunguzwa. Alikaa nyumbani karibu mwaka mzima, haongei, anachonga mipini ya majembe ambayo hakuna aliyeiagiza, kisha akafariki. Vijana niliosoma nao walishuka mlima mmoja mmoja: huyu Tanga, huyu Dar es Salaam, huyu Mererani kwenye machimbo. Wengine mpaka leo sijawaona. Mimi nilishuka hadi Tanga, nikasoma kompyuta kwenye chuo cha mtu binafsi, vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya magari. Wenzangu walijifunza kupiga chapa. Mimi nilipenda kile kinachofanyika nyuma ya kioo, pale kumbukumbu zinapopangwa, zinapotafutwa na kujumlishwa, pasipoonwa na mtu.

Nikapenda kazi isiyoonekana. Haya bwana, kila mtu na maradhi yake.

Mama alikuwa amebaki peke yake nyumbani kwetu, upande wa kuelekea Kwai, na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyefungiwa bandani. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Wengine aliwazika wadogo. Kwa hiyo mradi mmoja wa maziwa uliponitaka niandike programu ya kutunza kumbukumbu za wanawake wanaoleta maziwa kituoni, nilikubali kabla mkuu wa mradi hajamaliza sentensi. Ofisi ilikuwa Lushoto mjini, na kutoka Lushoto nyumbani ni mwendo wa miguu wa asubuhi moja. Nilijiona nimepata kile ambacho wenzangu wote walikikosa: kazi ya kisasa, na mama karibu.

Mkuu wa mradi aliishi Tanga. Alikuwa mtu wa maneno machache na viatu visivyojua tope. Siku tuliyoiwasha mashine alisimama nyuma yangu akasema, "Nakupa mpaka vuli iishe. Nataka kila mwanamke aonekane humu na maziwa yake, bila kuzidi, bila kupungua. Ikiwa sawa, mashine inabaki Lushoto, na wewe unabaki nayo. Isipokuwa sawa, inarudi Tanga." Kuhusu mimi nitarudi wapi, hakusema.

Ijumaa ile niliswali haraka, nikaenda kumwambia mama. Alikuwa anapika makande. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Ikikataa?"

"Nitashuka kutafuta, kama wenzangu."

Akasogeza kuni ndani. "Basi isikatae, Tate."

Tate ni baba, kwa Kishambaa. Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Nilipewa jina la babu mzaa baba, na nilijua watoto wengi wenye majina ya babu zao wanaoitwa hivyo na mama zao, nikaona ni mapenzi tu. Mtu haulizi kwa nini anaitwa anavyoitwa nyumbani kwao.

*

Nilipanga chumba nyuma ya duka la mbegu na dawa za mboga. Ukungu ulikuwa ukiingia dirishani asubuhi, unakaa, unaondoka ukitaka. Ofisi nayo ilikuwa chumba kimoja chenye meza moja na mashine moja, na mimi. Nilidhani upweke ni kukosa watu. Watu walikuwapo tele! Siku za soko mji ulijaa kabichi, karoti, plamu na mapeasi, mitumba imetandazwa mpaka barabarani, redio za maduka zinashindana kupiga kelele. Nilichokosa ni mtu mmoja wa kumwambia, "Hebu tazama hapa, mbona haifanyi?" akatazama, akaelewa ninachomwonyesha.

Wenye duka waliniita fundi wa televisheni. Wazee waliniita karani. Mwalimu mmoja wa sekondari, msomi wa watu, alikuja kuniomba nimpigie chapa mtihani, na nilipomweleza kwamba mimi ninaandika programu, akasema, "Sawasawa, basi andika hiyo, halafu unipigie mtihani." Nikampigia. Ningefanyaje?

Nilikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza kilichotoka jalada, nilichokirithi chuoni. Kila nilipokwama nilikisoma, na kilinijibu maswali ambayo sikuuliza. Kuuliza si ujinga, wamesema wahenga, lakini wahenga walikuwa na watu wa kuwauliza. Nikaanza kuzungumza na mashine. Mwanzoni kwa upole, "Haya, leo tukubaliane." Baadaye kwa matusi madogo madogo. Siku moja mwenye duka alichungulia mlangoni akakuta nakikaripia kioo, akarudi zake pole pole kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga.

Sasa nieleze nilivyoijenga, maana kisa chote kimo humo. Zamani kituoni waliandikwa kwa jina la mtoto: Mama fulani, Mama fulani. Mimi nikasema hapana, huo ni uswahili, akina Mama fulani wako wengi. Kwetu majina ni ya manabii na maswahaba, nayo hayatutoshi. Ukiandika jina la mwanamke na la mumewe, bado watatokea watatu au wanne wanaofanana. Kwa hiyo nikatoa amri kwamba kila anayeleta maziwa aandikwe majina matatu: lake, la mumewe, na la baba wa mumewe. Majina hayo matatu kwa pamoja ndiyo yangekuwa utambulisho wake. Programu ikikutana na majina matatu iliyokwisha kuyaona, iongeze maziwa kwa mtu yule yule. Ikikutana na mapya, ifungue mtu mpya. Nilijiona hodari, wallahi. Nilitembea siku ile kifua mbele.

Karani wa kituo alikuwa binti aliyezaliwa na kukulia Tanga mjini, kwenye nyumba za reli. Ulimi wake ulikuwa na pilipili, lakini kazi aliijua. Asubuhi alikaa kituoni akipokea maziwa na kuandika majina kwenye karatasi. Mchana alipanda kwa pikapu hadi ofisini, akayaingiza kwenye mashine, chap chap, huku akilalamikia baridi. Mimi sikugusa majina. Mimi nilikaa upande wa nyuma, nikihakikisha yanapangika.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha nikatoa hesabu. Jumla ya maziwa ilikuwa sawa na iliyopokelewa kwenye kiwanda cha maziwa, tone kwa tone. Watu ndio walikuwa wengi mno. Wanawake wa kituo kile walijulikana, ungeweza kuwahesabu kwa macho. Mashine yangu ilikuwa na zaidi ya mara mbili yao. Kila siku walizaliwa wapya, wanaleta maziwa mara moja au mbili, wanapotea.

"Lo!" akasema karani, akicheka mpaka akashika meza. "Kaka, hawa wengine ni majini?"

Mimi sikucheka. Nikaanza kuitafuta hitilafu, na kwa sababu programu niliiandika mwenyewe, nilianza na mimi mwenyewe. Nikaisoma mstari kwa mstari. Nikaikata vipande, nikakijaribu kila kipande peke yake kwa majina ya uongo niliyoyatunga. Kila kipande kilifanya kazi. Nikaviunganisha, vikafanya kazi. Majina ya kweli yakiingia, watu wanazaana! Nikalaumu umeme, maana ulikuwa ukienda na kurudi utakavyo. Nikalaumu disketi, nikabadilisha disketi. Nikamlaumu karani, nikaketi kando yake mchana mzima nikitazama vidole vyake, naye akaingiza kila herufi kama ilivyo kwenye karatasi bila kukosea hata moja, kisha akaniuliza, "Umeridhika, bwana mkaguzi?"

Mvua za vuli zikaanza. Mkuu wa mradi alituma ujumbe kwa dereva kwamba ameshasikia habari za majini. Usingizi ukanipungua, chakula kikakosa ladha. Ijumaa nilikwenda nyumbani nikakaa kimya, na mama hakuniuliza kitu, alinitazama tu kama alivyokuwa akimtazama baba akichonga mipini. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Kitu kimoja tu nilikuwa nimekigundua wakati ule, nacho hakikuwa na maana yoyote. Siku za Jumamosi na Jumapili mashine ilikuwa nzima. Watu walikuwa idadi yao ile ile, hakuna aliyezidi. Jumatatu mpaka Ijumaa ndipo ilipougua. Nikakaa nikijiuliza, mashine inajuaje kwamba leo ni Jumamosi? Hakuna mahali nilipoiambia.

Katika kuhangaika huko ndipo nilipomtafuta mama yangu humo ndani. Hata leo sijui kwa nini sikufanya hivyo mapema. Nadhani nilikuwa nimewazoea wale wanawake wawe hesabu. Nikaandika majina yake matatu, nikabonyeza, nikasubiri.

Mama alikuwamo. Lakini alikuwamo Jumamosi na Jumapili tu. Wiki zote, siku mbili mbili. Siku nyingine, patupu.

Nilisahau hitilafu, nilisahau mradi. Nikawaza: mama yangu analeta maziwa siku mbili tu kwa wiki, basi siku nyingine ng'ombe hakamuliki? Au mama mgonjwa, na wikendi watoto wa jirani ndio wanaomsaidia? Nimekaa naye Ijumaa zote hizo, nimekula makande yake, sikuona kitu? Nilikuja mlimani ili niwe karibu naye, na kumbe sijui hata kama anaumwa.

*

Jumanne alfajiri nikapanda pikapu kwenda kituoni. Ni banda la mabati kando ya barabara, lina meza, mizani na mtungi mkubwa wa kupimia. Chini yake matuta ya majani ya ng'ombe yanateremka mpaka bondeni, na bonde lenyewe huwezi kuliona kwa ukungu. Wanawake walikuwa wamesimama foleni na madumu yao, kanga mabegani, miguu ina tope. Nikawasalimia wote kwa shikamoo yangu, wakanijibu marahaba kwa pamoja. Na katikati yao nikamwona mama, mzima wa afya, dumu lake mkononi, anacheka na mwenzake.

Nikamwendea mbio.

"Tate! Kuna nini?"

"Hakuna, mama. Nimekuja kutazama kazi."

Nikaketi kwenye benchi kando ya karani. Foleni ikasogea. Nilikuwa nimekwisha kutulia, nikaanza sasa kusikiliza. Karani alikuwa akiuliza haraka haraka, kichwa chini, kalamu tayari: Jina? La mume? La tatu? Jina la kwanza lilitoka vizuri. La mume nalo likatoka, mengine kwa aibu kidogo. Kwenye la tatu kila mwanamke alisita. Mmoja alitazama kando. Mmoja alikohoa, akataja jina, na aliyekuwa nyuma yake akamtazama kwa mshangao, maana halikuwa lenyewe. Mmoja alisema, "Andika kama jana," karani akajibu, "Jana nitaikumbuka mimi, mama, na watu wote hawa?"

Ikafika zamu ya mama. Akataja lake. Akataja la baba. Karani akauliza la tatu.

Mama alinitazama. Akavuta pembe ya kanga akaziba mdomo, akataja jina la baba yake mwenyewe, yule wa Vuga.

"Mama nawe!" karani akaweka kalamu chini. "Jana ulisema jingine. Ijumaa jingine. Una wakwe wangapi wewe?"

Wanawake wakacheka. Mwenzake mama aliyekuwa nyuma akasema, "Andika lolote, binti yangu. Maziwa hayana mkwe."

Mimi nikafungua mdomo nimsaidie mama. Nilitaka kumwambia karani, jina la babu ni fulani, andika. Na jina la babu ni langu. Likaniganda ulimini.

Kwetu, kwa kina mama walioolewa zamani, jina la baba mkwe halitamkwi. Hata awe amekufa miaka mingi. Atasema "yule mzee", atasema "mwenye nyumba", na akilikuta jina hilo kwa mtu mwingine atalizunguka. Hakuna aliyenifundisha hayo siku yoyote, na siku zote nilikuwa nayajua. Niliyajua kama ninavyojua njia ya kwenda mtoni. Lakini nilipoketi mbele ya mashine nilivua vya nyumbani mlangoni pamoja na viatu, nikatunga sheria inayomtaka kila mama wa mlima ule ataje kila asubuhi, mbele za watu, neno ambalo hajawahi kulitaja maishani mwake. Nao, kwa adabu yao, hawakukataa. Walitaja jina lolote lililo karibu ili foleni isogee. Mwisho wa juma watoto hawaendi shule, wao ndio waliobeba madumu, la mama likibebwa na mtoto wa jirani, na mtoto halioni gumu jina la mzee yeyote. Basi mashine ikapona kila Jumamosi.

Ndiyo hiyo hitilafu iliyoninyima usingizi. Nyani haoni kundule.

Na hapo hapo, kwenye benchi lile, likanijia jingine. Mama hakuniita Tate kwa mapenzi tu. Aliniita hivyo kwa sababu jina langu haliwezi kupita mdomoni mwake. Alinizaa, wakampa mtoto mwenye jina asiloruhusiwa kulisema, akanilea nalo miaka yote akilizunguka. Sijawahi kulisikia jina langu kwa sauti ya mama yangu. Nilikuwa mtu mzima, nimekaa kwenye benchi la maziwa, na machozi yananitoka kwa jambo nililoishi nalo tangu kuzaliwa. Nikasingizia ukungu.

"Kaka, vipi?" karani akauliza.

"Endelea," nikamwambia. "Andika atakalosema."

*

Siku zilizobaki zilikuwa chache. Ningeweza kuziba ziba, kama kumwambia karani asiulize la tatu, nikaomba Mungu wasifanane. Lakini nilikuwa nimeshajua kwamba msingi wenyewe ndio mbovu, na msingi mbovu haupakwi chokaa. Niliibomoa programu yote. Nikajifunza katika majuma yale nilichokuwa sijafundishwa chuoni, na ambacho sijaacha kukitumia mpaka leo: jina la mtu si mali ya mashine. Jina lina adabu zake, linabadilika, linafichwa, linaogopwa. Ukitaka kumtambua mtu ndani ya mashine mpe alama yako mwenyewe isiyo na maana kwa yeyote, kisha jina lake liache likae mahali pake kwa heshima. Na kabla hujaandika mstari wa kwanza, nenda kakae pale maneno yanapotoka mdomoni.

Nikampa kila mwanamke namba. Tukaipaka rangi nyeupe kwenye dumu lake. Majina yote matatu tuliyaandika mara moja tu, Jumamosi, kwa kuwauliza watoto na waume. Baada ya hapo kituoni iliulizwa namba basi. Kwa mama yangu hapakuwa na mtoto wa kuulizwa nyumbani ila mimi. Nikaketi mbele ya mashine, nikaandika jina lake, nikaandika la baba, na pale pa tatu nikaandika jina langu. Lilionekana geni, kama la mtu niliyesoma naye zamani.

Ijumaa nikampelekea dumu lililopakwa rangi. Namba yake ilikuwa thelathini na moja.

"Sasa hutaulizwa jina," nikamwambia. "Ukisema thelathini na moja, mashine inajua yote. Jina lako, la baba, na lile jingine."

Akaacha kupepeta. "Hata lile?"

"Hata lile."

"Basi nikisema thelathini na moja nimelitaja?" Alishtuka kwelikweli, mkono kifuani.

"Wewe hujataja kitu, mama. Mashine ndiyo inayotaja."

Akaligeuza dumu, akapitisha kidole juu ya rangi. "Mashine haijaolewa," akasema mwishowe, tukacheka wote wawili mpaka ng'ombe akalia bandani.

*

Mkuu wa mradi alikuja mvua zikiwa zinakatika. Alikaa kwenye kiti changu. Nikatoa hesabu, printa ikalia, karatasi zikatoka. Akamwita mwenyekiti wa kikundi cha wale wanawake, wakapitia mwanamke mmoja mmoja. Kila mtu alikuwapo na maziwa yake, bila kuzidi, bila kupungua. Majini yote yalikuwa yamekwenda zao. Karani akanikonyeza. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza kwamba nitatafuta chumba kikubwa zaidi, chenye dirisha linalofunga.

Mkuu wa mradi akasimama, akanipa mkono. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akitabasamu.

"Kijana, hii ni kazi. Hii haiwezi kukaa huku milimani. Tanga tuna vituo vyote vya mkoa vinaniumiza kichwa. Mashine inashuka, na wewe unashuka nayo."

"Mzee, ulisema ikiwa sawa tunabaki."

"Nilisema hivyo? Basi imekuwa sawa kupita nilivyotegemea." Akanipiga bega. "Hongera."

Nikasema ahsante. Ndiyo iliyotoka. Nilikuwa nimepigana vuli nzima ili nisishuke, na kushinda kwangu ndiko kulikonishusha. Ningekataa? Nikikataa, mashine inakwenda hata hivyo, nami nabaki Lushoto kupigia watu mitihani bila hata kitu cha kuipigia. Na kusema kweli, ndani yangu palikuwa na sehemu iliyofurahi, iliyotaka kuona vituo vyote vya mkoa, na sehemu ile niliichukia.

Nilimwambia mama usiku haujaingia, akiwa anafunga banda la ng'ombe. Alisimama na komeo mkononi.

"Tuliomba isikatae," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Tungeomba vizuri zaidi."

Alinikatia ndizi za kwenda nazo, akaniwekea, akalala mapema.

Pikapu ilinichukua siku ya tatu yake, asubuhi, na kwa kuwa ilikuwa pikapu ya maziwa ilipitia kwanza kituoni. Mimi nilikaa mbele, kioo mapajani, kimevingirishwa blanketi lile lile la kijivu. Wanawake walikuwa foleni. Karani alikuwa akiandika, sasa haraka na bila maneno: namba, lita, mwingine. Mama alikuwa ameshapimiwa, dumu lake tupu liko miguuni. Nilikuwa nimeshamuaga nyumbani, tukakubaliana asije dirishani, watu wasitutazame. Alisimama pembeni, kanga imekazwa kichwani. Madumu yakapakiwa. Dereva akawasha gari.

Tulipoanza kusogea nikasikia sauti yake. Mama si mtu wa kupaza sauti, sikuwahi kumsikia akiita mtu toka mbali.

"Thelathini na moja!"

Foleni yote ikageuka. Karani akainua kichwa. "Nimeshakuandika, mama! Zako nimeshaandika!"

Mama hakumtazama. Alikuwa ametoka mpaka katikati ya barabara, anatazama gari.

"Thelathini na moja!"

Nikatoa kichwa dirishani, mikono yote miwili imekumbatia kioo, nikaitika kwa nguvu zangu zote, "Naam, mama!"

Dereva akaniambia nishike vizuri, kona zinaanza.